Kina cha mgodi hupimwa kutoka wapi hadi wapi?

Swali: *Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mchimbaji mdogo huku Kahama. Kila nikisoma habari za migodi yenye kina kirefu duniani nakuta majibu tofauti. Mmoja anasema ni Mponeng ya Afrika Kusini, kilomita nne. Mwingine anasema TauTona. Kuna aliyeandika kwamba mgodi wa Kidd Creek wa Kanada ndio ulio karibu zaidi na kitovu cha dunia, na rafiki yangu anashikilia kwamba Warusi walichimba kilomita kumi na mbili. Nani mkweli? Na hizo mita wanazipimaje huko chini? Nauliza pia kwa sababu duara letu, yaani shimo letu la kuchimba, tunasema lina mita 180, lakini kila mmoja wetu ana hesabu yake.*

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Hao uliowasoma, kasoro mmoja, wanaweza kuwa wamesema kweli, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajibu swali lake. Kina ni umbali kati ya nukta mbili. Mtu akikutajia kina bila kukuambia nukta ya juu aliiweka wapi, ya chini wapi, na alipita njia gani kati yake, huna la kulinganisha na jingine. Ndiyo maana hata ninyi wa duara moja hamkubaliani.

Tuanze na Mponeng, maana ndilo jina utakalolikuta mara nyingi zaidi. Mgodi huo wa dhahabu uko karibu na mji wa Carletonville, kusini magharibi ya Johannesburg. Shafti yake, yaani shimo kuu la wima la kushukia, ilianza kuchimbwa 1981 na uzalishaji ukaanza 1986. Mwaka 2020 kampuni ya AngloGold Ashanti iliuuza kwa Harmony Gold. Sehemu ambako watu wanavunja mwamba ziko kati ya mita 3,160 na mita 3,840 hivi chini ya ardhi. Ile "kilomita nne" unayoisoma kila mahali ni namba iliyokuzwa ili ikae vizuri mdomoni.

TauTona ni jirani yake. Zamani migodi hiyo miwili, pamoja na wa tatu uitwao Savuka, ilikuwa shafti za mgodi mmoja mkubwa, Western Deep Levels. Baadaye kila mmoja ukapewa jina lake. TauTona ulifika takriban mita 3,900, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa wa kwanza duniani. Kisha ukafungwa, kazi zilianza kusimamishwa 2017. Kwa hiyo aliyekuambia TauTona huenda alisoma maandishi ya zamani, au alikuwa anazungumzia mgodi uliowahi kufika mbali, wala si ule unaofanya kazi leo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mgodi ukifungwa, pampu huzimwa, maji hupanda, na kile kina hakifikiki tena. Mgodi wa Champion Reef huko Kolar, India, ulishuka takriban kilomita 3.2 na ukafungwa 2001. ERPM wa Boksburg, Afrika Kusini, ulifika mita 3,585 na ukafungwa 2008. Yote miwili bado inaandikwa kwenye orodha za migodi mirefu kana kwamba unaweza kwenda kesho ukashuka.

Sasa nukta ya juu, ambako ndiko vurugu nyingi huanzia. Mgodi wenye shafti hupimwa kuanzia mdomo wa shafti, yaani ile fremu ya zege au chuma iliyo juu kabisa. Huo ndio utaratibu wa kawaida, na una mantiki: kamba ya kizimba, yaani lifti ya mgodi, huanzia hapo, hewa huingilia hapo, na mtu aliyeumia lazima afikishwe hapo. Lakini mwamba wenye madini haushuki moja kwa moja chini ya shafti. Hulala kwa mteremko, na wachimbaji huufuata, pengine kilomita kadhaa pembeni. Juu ya sehemu hiyo ya mbali ardhi inaweza kuwa na kilima au bonde. Hapo sehemu ileile ya kazi inakuwa na vina viwili: kimoja toka mdomo wa shafti, kingine toka nyasi zilizo juu ya kichwa cha mchimbaji. Vyote viwili ni sahihi, na vinaweza kupishana kwa mita nyingi.

Wapimaji wenyewe huongeza la tatu. Ili mahesabu ya mgodi mzima yakubaliane, huchagua usawa mmoja wa kubuni na kuhesabu kila kitu kutoka hapo. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand usawa uliozoeleka ni futi 6,000 juu ya bahari, yaani mita 1,828.8, ulio juu kuliko ardhi ya migodi mingi ya kule. Chukua mfano: uso wa ardhi uko mita 1,600 juu ya bahari, na ramani ya mgodi inasema mahali fulani pako mita 3,800 chini ya usawa huo wa kubuni. Kina chake halisi chini ya ardhi ni mita 3,571 tu. Mwandishi asiyejua atachukua 3,800 iliyo kwenye ramani na kuitangaza, na hapo mgodi umeongezewa mita 229 bila mtu kushika nyundo.

Tena kuna majina ya ngazi, yaani zile sakafu za kazi zilizopangwa moja chini ya nyingine. Migodi mingi ya zamani iliyoanzishwa na Waingereza na Wamarekani huita ngazi zake kwa futi. Maabara ya fizikia ya SNOLAB iko ndani ya mgodi wa Creighton huko Sudbury, Kanada, kwenye ngazi inayoitwa 6800: hizo ni futi, sawa na mita 2,070 hivi. Homestake wa South Dakota una ngazi ya 4850, nayo ni futi, si mita. Nimewahi kuona namba za namna hii zikitafsiriwa kuwa mita moja kwa moja, na mgodi wa kilomita moja na nusu ukageuka kuwa wa karibu kilomita tano.

Halafu kuna usawa wa bahari, na huu ndio unaompa Kidd Creek heshima yake. Fikiria Ziwa Tanganyika. Kina chake ni takriban mita 1,470, lakini uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya bahari, kwa hiyo sakafu yake iko kama mita 700 tu chini ya usawa wa bahari. Migodi ni hivyohivyo. Shafti ya wima ya Bulyanhulu, jirani zenu hapo, ina takriban mita 1,100. Lakini mdomo wake uko nyanda za juu, juu kidogo ya uso wa Ziwa Victoria, ambao nao uko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Ukifika chini ya shafti ile utakuwa umekaribia tu usawa wa Bahari ya Hindi. Shafti namba 5 ya mgodi wa Kipushi, upande wa Katanga huko Kongo, ina mita 1,240, nayo ardhi yake ina mwinuko wa takriban mita 1,300. Mambo ni yaleyale.

Mponeng nao uko juu ya uwanda mkubwa wa Afrika Kusini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Ukitoa hizo, sehemu zake za chini kabisa ziko kama mita 2,300 chini ya bahari. Kidd Creek, mgodi wa shaba na zinki karibu na Timmins, Ontario, una kina cha zaidi kidogo ya mita 3,000 tu. Lakini ardhi yake iko mita 300 hivi juu ya bahari. Sehemu yake ya chini iko takriban mita 2,700 chini ya usawa wa bahari, chini kuliko Mponeng. Kwa kipimo hicho Kanada inashinda kweli.

Ila "karibu zaidi na kitovu cha dunia" ni dai jingine kabisa, na huyo ndiye mmoja niliyemtoa mwanzoni. Dunia si tufe kamili. Imevimba kwenye ikweta, ambako nusu kipenyo chake ni takriban kilomita 6,378, na kubonyea kwenye ncha, ambako ni takriban 6,357. Tofauti ni kilomita 21, mara tano ya mgodi wowote. Nikikokotoa kwa latitudo, sehemu ya chini ya Mponeng iko kama kilomita 6,371.6 kutoka kitovu, na ya Kidd Creek kama 6,363.4. Mkanada yuko karibu zaidi kwa kilomita nane. Lakini uso wa ardhi wa Timmins, pale watu wanapoegesha magari, uko kama kilomita 6,366.4. Maana yake mtu anayekunywa chai mjini Timmins yuko karibu na kitovu cha dunia kuliko mchimbaji aliye chini kabisa ya Mponeng, kwa kilomita tano! Tena migodi ya nikeli ya Norilsk, Urusi, iko latitudo ya 69 kaskazini na mingine imeshuka karibu kilomita mbili. Hiyo inaingia ndani ya kilomita 6,358, na kuiacha Kidd Creek mbali. Kipimo cha kitovu kinapima umbo la dunia. Kazi ya wachimbaji hakiigusi, na mimi sikitumii.

Nukta ya chini ina ujanja wake pia. Chini ya ngazi ya mwisho ya uchimbaji shafti huendelea kidogo, ili pawe na nafasi ya mawe yanayomwagika, maji yanayokusanywa kwa ajili ya pampu, na mikia ya kamba. Hakuna anayechimba dhahabu pale. Je, uhesabu hadi pale, au hadi mahali mtu anapotoboa mwamba? Na je, njia iliyochongwa kwa maandalizi lakini haijaanza kutoa mbale, yaani mawe yenye madini? Kila kampuni hujibu inavyopenda, na kampuni inayotafuta sifa hujibu kwa namba kubwa. Mimi huhesabu hadi sehemu ya chini kabisa ambako watu wanafanya kazi kila zamu.

Ndiyo maana rafiki yako na Warusi wake hawaingii kwenye shindano hili. Alichosema ni kweli: katika rasi ya Kola, kaskazini magharibi ya Urusi, wanasayansi wa Kisovieti walitoboa hadi mita 12,262 mwaka 1989, na huko chini wakakuta nyuzijoto 180 hivi. Lakini tundu lile lina kipenyo cha sentimita 23 tu, halipitishi hata mabega ya mtoto. Ni kisima cha utafiti. Hakuna aliyeingia, na hakuna madini yaliyotolewa kwa kuuzwa.

Tukiwa hapohapo, tazama visima vya mafuta vya Ghuba, maana vinafundisha jambo la tatu, yaani njia ya kupimia. Mwaka 2008 kisima kimoja cha eneo la Al Shaheen, Qatar, kilifika mita 12,289 na kutangazwa kuipita Kola. Mita hizo zilihesabiwa kwa urefu wa mabomba yaliyoingia ndani. Kati yake, mita 10,902 zilikwenda kwa mlalo chini ya sakafu ya bahari. Kina chenyewe cha wima kilikuwa sehemu ndogo tu ya urefu huo. Wapimaji wa mafuta hutenganisha urefu wa tundu na kina cha wima, na huandika vyote viwili. Wachimbaji wadogo hatuna desturi hiyo. Tunapima kwa kamba iliyotushusha, na kamba hufuata mteremko na kila kona.

Sasa swali lako la pili, wanapimaje. Kwa shimo fupi jibu ni rahisi: utepe wa chuma. Kwa shafti ya kilomita kazi inakuwa ngumu kwa namna ambayo watu wengi hawaitarajii, kwa sababu chuma chenyewe hurefuka. Waya wa chuma unaoning'inia wenyewe, bila mzigo wowote, hurefuka kwa uzito wake. Kwenye mita 1,000 hurefuka takriban sentimita 19. Kwenye mita 3,000 huzidishi mara tatu. Unazidisha mara tisa, kwa kuwa kurefuka huko huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu, na unapata kama mita 1.7. Unene wa waya haubadilishi kitu: mnene una nguvu zaidi lakini pia ni mzito zaidi. Ongeza joto. Kila nyuzijoto moja hurefusha mita 1,000 za chuma kwa takriban milimita 11.5. Waya wa mita 3,000 uliozidi kiwango chake kwa wastani wa nyuzi 20 umeongeza sentimita 69 nyingine. Na kwa kuwa waya uliorefuka husoma namba ndogo kuliko ukweli, mpimaji asiyesahihisha haya atauona mgodi kuwa mfupi kwa zaidi ya mita mbili.

Mita mbili kati ya elfu tatu zinaonekana hazina maana. Zina maana kubwa mno siku mnapochimba kutoka pande mbili mkitarajia kukutana, au mnaposogelea mgodi wa zamani uliojaa maji. Kuna timu iliyowahi kutoboa pasipotakiwa kwa sababu ya ramani mbovu, na wanaojua habari za mafuriko migodini wanaelewa kwa nini nalisema hili bila kupunguza sauti.

Timazi nazo, yaani nyaya zilizofungwa uzito chini ili zining'inie wima, zina mkasa wake. Kuhamisha mwelekeo kutoka juu kwenda chini, wapimaji hushusha timazi mbili kwenye shafti, kisha wakaunganisha mstari wa chini na wa juu. Kwa kuwa kila timazi huelekea kitovu cha dunia, mbili zilizotengana mita 4 juu zinatakiwa kukaribiana kwa milimita 2 hivi zikifika mita 3,000. Mwaka 1901, kwenye mgodi wa shaba wa Tamarack huko Michigan, walishusha timazi za futi 4,250, karibu mita 1,300, na wakakuta kinyume: chini zilikuwa zimeachana. Watu walikuja na nadharia za kila aina kuhusu mvuto wa ardhi. F. W. McNair, mkuu wa chuo cha madini cha hapo, aliendelea kujaribu hadi akaona kwamba mkosaji ni upepo unaozunguka ndani ya shafti na kusukuma nyaya. Mpaka leo, anayeshusha timazi hutuliza kwanza feni, na uzito wa chini huuzamisha ndani ya chombo chenye mafuta au maji ili usiyumbe.

Siku hizi kifaa kikuu ni cha mwanga. Kipima umbali cha leza hufungwa juu, kioo cha kurudisha mwanga huwekwa chini, na muda wa mwanga kwenda na kurudi hugeuzwa kuwa mita. Hata huu haupo huru na mazingira. Hewa ya chini ni nzito na ya joto kuliko ya juu, na mwanga hubadilisha mwendo kulingana nayo. Usiposahihisha, shafti ya kilomita tatu hukupa kosa la sentimita kadhaa. Vumbi, mvuke na maji yanayodondoka hukata mwanga, kwa hiyo mara nyingi hupima kwa vipande. Migodi yenye barabara ya mteremko inayopitisha magari hupimwa kwa kutembea na kifaa cha pembe na umbali, kituo hadi kituo, chini hadi mwisho na kurudi, kisha tofauti ya safari mbili hukuambia umekosea kiasi gani. Ile saa ya kina iliyo mbele ya opereta wa winchi ya kizimba ni kitu kingine: inahesabu mizunguko ya ngoma ya kamba, nayo kamba hurefuka ikibebeshwa watu. Inatosha kukisimamisha kizimba mlangoni. Usiitumie kuandikia rekodi.

Kumbuka vilevile kwamba kina cha Mponeng hakipatikani kwenye shafti moja. Kamba ya chuma yenye kilo 10 kwa kila mita, ikishuka mita 3,000, ina tani 30 kabla hujafunga kizimba, na kuendelea zaidi ya hapo ni kubeba kamba badala ya watu. Shafti kuu ya South Deep, mgodi mwingine wa Afrika Kusini, inashuka karibu mita 3,000 mfululizo, na hiyo iko karibu kabisa na kikomo. Kwa hiyo wachimbaji wa Mponeng hushuka shafti ya kwanza, hutembea, kisha huingia kizimba cha shafti ya pili inayoanzia chini ya ardhi. Kina cha mwisho ni jumla ya vipimo viwili au vitatu, kila kimoja na kosa lake. Ndiyo sababu "shafti ndefu kuliko zote" na "mgodi wenye kina kuliko yote" ni majibu mawili tofauti.

Na mashimo ya wazi ni jamii nyingine. Bingham Canyon huko Utah, Marekani, una kina cha takriban kilomita 1.2, lakini hupimwa toka ukingo wa juu, na ukingo wenyewe ni mlima uliokatwa. Big Hole la Kimberley lilichimbwa kwa mikono hadi mita 240 hivi, kisha uchimbaji wa chini ya ardhi ukashuka hadi mita 1,097 kabla ya kufungwa 1914. Ukitaja namba ya Kimberley sema ni ipi kati ya hizo mbili.

Mimi binafsi, nikiombwa kulinganisha migodi miwili, siridhiki na mita peke yake. Nauliza joto la mwamba. Mponeng, kwenye kina chake cha mwisho, mwamba una nyuzijoto kama 66, na mgodi hushusha mchanganyiko wa barafu na maji ili hewa ya kazini iwe chini ya nyuzi 30. Lakini shafti namba 10 ya Resolution, Arizona, yenye mita 2,116 tu, imekuta mwamba wa takriban nyuzi 80. Na pale Naica, Meksiko, pango la fuwele kubwa lipo mita 300 chini ya ardhi, na hewa yake ilifika nyuzi 58. Sababu ni kwamba ardhi ya Witwatersrand ni ya zamani mno na joto lake huongezeka polepole, kama nyuzi 10 hadi 12 kwa kilomita, wakati sehemu nyingi za dunia huongezeka 25 hadi 30. Afrika Kusini isingefika hapo ilipo kama mwamba wake ungekuwa na joto la Arizona. Anayelinganisha mita bila joto anampima mchimbaji kwa kitu ambacho mwili wake hauhisi.

Nauliza pia uzito wa mwamba ulio juu. Wanafizikia wanaotafuta chembe za nyutrino hawajali ulishukaje. Wanachotaka ni mwamba mwingi kati yao na mbingu, ili miale ya angani ichujwe, nao huupima kwa kuugeuza kuwa mita za maji zenye uzito uleule. SNOLAB, chini ya mita 2,070 za mwamba, ina sawa na mita 6,000 hivi za maji. Maabara ya Jinping huko China ina takriban 6,700, kwa kuwa juu yake kuna mita 2,400 za mwamba. Lakini hakuna shafti ya kushuka. Unaingia kwa gari kwenye handaki lililopita chini ya mlima, karibu kwa mlalo. Kwa mwanafizikia Jinping iko chini zaidi; kwa mpimaji wa migodi hujashuka popote. Kwako wewe mchimbaji uzito huo ni hatari iliyo wazi: kila kilomita ya mwamba huongeza mgandamizo wa takriban megapaskali 27, na kuta zilizobanwa kiasi hicho hupasuka ghafla na kurusha mawe.

Basi jibu la nani mkweli: kwa kina cha wima chini ya ardhi, katika mgodi ambako watu wanafanya kazi leo, ni Mponeng. Kwa uliowahi kufika mbali, taja TauTona pamoja nao na useme umefungwa. Kwa chini ya usawa wa bahari, ni Kidd Creek.

Tuje kwenye duara lenu. Msipime kwa kamba ya katani wala ya nailoni. Hurefuka ikilowa na ikivutwa. Tumieni utepe wa chuma na kipima pembe. Anzeni mdomoni, mgawe njia kwenye vipande vilivyonyooka, kila kona iwe mwanzo wa kipande kipya. Kila kipande andikeni urefu wake na pembe yake kutoka mlalo, kisha zidisheni urefu kwa saini ya pembe hiyo (ile "sin" ya kwenye kikokotoo). Tuseme mmepata mita 40 kwa nyuzi 60, mita 70 kwa nyuzi 45, na mita 70 kwa nyuzi 30. Vina vyake vya wima ni 34.6, 49.5 na 35.0. Kamba inasoma 180, kina ni mita 119. Rudini juu mkipima tena kinyumenyume. Safari mbili zikipishana zaidi ya mita moja, kuna kona mliyoiruka. Kisha tazameni ardhi iliyo juu ya mwisho wa duara. Kama mdomo uko chini ya kilima na kilima kinapanda mita 25, mwamba ulio juu ya vichwa vyenu ni mita 144, na hiyo ndiyo namba ya kumpa anayewashauri kuhusu matimba, yaani magogo ya kushikilia mwamba, na uimara wa kuta. Andikeni namba zote tatu kwenye daftari moja, pamoja na tarehe, na jina la aliyepima. Na duara likiwa limekaa siku kadhaa bila kazi, asishuke mtu na utepe kabla hewa haijasukumwa ndani na kupimwa kwa kifaa cha oksijeni, hata kama ni kwa kipande cha kwanza tu.